Tiba, Toba, Tabu: Washairi wa Hospitali ya Craiglockhart

Mashairi ya Wilfred Owen na Siegfried Sassoon yamezoeleka kusomwa kama mashairi ya handakini. Msomaji hufungua kitabu, akakuta tope, gesi ya sumu na mizinga, akahitimisha kwamba yameandikwa ndani ya tope hilo hilo na kwamba ujumbe wake ni mmoja tu: vita ni uovu. Usomaji huo haukukosea, lakini umepungukiwa. Baadhi ya mashairi yaliyompa Owen jina kubwa hayakutungwa handakini. Yalitungwa hospitalini, pembezoni mwa mji wa Edinburgh huko Scotland, katika nusu ya pili ya mwaka 1917. Na hospitali yenyewe haikuwa ya kutoa risasi wala ya kuunga mifupa. Ilikuwa ya kutibu nyoyo zilizoingiwa na hofu isiyotoka.

Jambo hili si la wasifu tu. Linabadilisha namna ya kuyasoma mashairi. Hospitali ya Craiglockhart iliwafundisha wagonjwa wake kusema yale waliyokuwa wakiyaficha; kisha, waliposema na kupata nafuu, iliwarudisha vitani. Ushairi uliozaliwa mle ulilipokea somo la kwanza na kulikataa la pili. Anayeusoma bila ya kuijua wadi husikia laana ya vita peke yake, lakini humpita ule ugomvi wa ndani baina ya mgonjwa na tiba yake, nao ndio uliotoa sauti iliyodumu.

Jengo la Craiglockhart lilikuwa kabla ya hapo hoteli ya tiba ya maji, mahali pa matajiri kuoga na kupumzika. Jeshi la Uingereza lililichukua Oktoba 1916 na kulitumia hadi Machi 1919 kuwa hospitali ya maofisa waliorudi kutoka Ufaransa na kwingineko wakiwa hawana jeraha linaloonekana. Walikuwa na kigugumizi, mitetemeko, kukosa usingizi, na juu ya yote ndoto. Ugonjwa ule ulikuwa umeshapewa jina. Charles Myers, daktari aliyefanya kazi na jeshi, aliuandikia mwaka 1915 katika jarida la kitabibu la *The Lancet*, akiuita kwa jina lenye kuhusisha mshtuko na kombora. Watu wakadhani mwanzoni kwamba ni kishindo cha baruti kilichotikisa ubongo. Baadaye ikaonekana kwamba hata askari ambao hawakukaribiwa na kombora wana dalili zile zile, na kufikia mwaka 1917 jeshi likawa halitaki tena neno hilo litumike ovyo.

Kiswahili si maskini hapa. Kina wahka, kina jakamoyo, kina fadhaa, kihoro, jinamizi na kiwewe. Na kina kitenzi ambacho sikioni ni ndugu wa kiwewe, nacho ni kuweweseka: mtu amelala, na ulimi wake unasema asiyoyajua. Pengine hakuna neno la Kiingereza linaloieleza Craiglockhart ya usiku vizuri kuliko hili. Sassoon, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1936 kwa jina la *Sherston's Progress*, ameeleza kwamba mchana nyumba ile ilikuwa ya madaktari na michezo ya gofu, lakini usiku ilirudi mikononi mwa ndoto, na kila mwanamume alikuwa peke yake na uwanja wake wa vita.

Daktari aliyejulikana zaidi katika nyumba hiyo alikuwa W. H. R. Rivers, ambaye kabla ya vita alikuwa mtafiti wa mila za watu wa visiwa vya bahari ya kusini na wa Watoda wa kusini mwa India. Naye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Desemba 1917 alitoa mhadhara juu ya kuzika mambo ya vita moyoni, ukachapishwa mwaka uliofuata. Wakati huo aghalabu askari mgonjwa aliambiwa: sahau, fikiria mambo mazuri, usiyataje hayo. Rivers aliona kwamba ushauri huo ndio uliokuwa ukiwaua. Yaliyofukiwa mchana yalifukuka usiku.

Katika mhadhara huo kimo kisa ambacho kila mpenzi wa ushairi angepaswa kukijua. Ofisa mmoja alikwenda kumtafuta rafiki yake aliyepigwa na kombora, akamkuta vipande vipande, kichwa mbali na viungo mbali. Tangu hapo rafiki huyo alimjia kila usiku katika hali ile. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba mwili uliovunjika kiasi kile ni ushahidi kuwa mwenyewe alikufa papo hapo, bila ya kuteseka. Baada ya siku kadhaa ndoto ilikuja tena, lakini safari hii mgonjwa alipiga magoti kando ya rafiki, akamvua vitu vyake vya thamani ili awapelekee jamaa zake, akaamka na huzuni isiyokuwa na hofu.

Alichokifanya Rivers hapo ni kazi ya malenga. Hakuiondoa picha, aliipa maana nyingine. Lakini mhadhara ule ule una kisa cha pili ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Ofisa mwingine alirushwa na mlipuko, akaangukia maiti ya askari wa Kijerumani iliyokwisha vimba, ikapasuka usoni mwake. Kwa huyu Rivers alikiri kwamba hakuona upande wowote wa kushikilia, wala maana yoyote ya kufariji. Mgonjwa aliacha jeshi akaenda kutafuta nafuu shambani. Tiba ya maneno ilifika mpaka wake. Ushairi mkubwa wa Craiglockhart unaanzia kwenye mpaka huo: kwenye picha ambayo haikubali kupewa maana ya kufariji.

Owen alifika mwishoni mwa Juni 1917. Aprili ya mwaka huo, karibu na msitu wa Savy huko Ufaransa, mlipuko ulimrusha, na akalala kwa siku kadhaa shimoni, mabaki ya ofisa mwenzake yakiwa karibu naye. Daktari wake hakuwa Rivers bali Arthur Brock, mtu aliyeamini kwamba mgonjwa hupona kwa kazi na kwa kurudishwa katika jamii. Mfano aliopenda Brock ni wa Antaeus, jitu la hadithi za Kiyunani ambalo nguvu zake zilitoka ardhini na ambalo Hercules alilishinda kwa kuliinua juu. Owen alipewa kazi: atunge shairi juu ya jitu hilo, afundishe fasihi katika skuli moja mjini, ahariri jarida la hospitali. Jarida liliitwa *The Hydra*, jina lenye kucheza na maji ya hoteli ya zamani na lile joka la hadithi ambalo likikatwa kichwa huota viwili. Wagonjwa wenyewe ndio waliolichagua, nao walijua walichokuwa wakikisema juu ya ndoto zao.

Sassoon alifika mwezi mmoja baadaye, na kwa njia tofauti. Alikuwa ofisa shujaa mwenye nishani ambaye Julai 1917 aliandika tamko la kukataa kuendelea na vita, akisema vimegeuzwa kuwa vya uchokozi na uporaji wa ardhi. Tamko lilisomwa Bungeni tarehe 30 Julai. Kumpeleka mahakama ya kijeshi kungalimpa jukwaa. Kumwita mgonjwa kulikuwa rahisi zaidi. Rafiki yake, mshairi Robert Graves, ndiye aliyesaidia ipite njia hiyo, kwa nia ya kumwokoa. Kwa hiyo nyumba moja ilitumika kuwafungua ndimi wengine na kumfunga ulimi mmoja.

Shairi lake la "Survivors", lenye tarehe ya Oktoba 1917 na jina la Craiglockhart, lina mistari kumi tu. Linaanza kwa sauti ya mgeni aliyekuja kutazama wagonjwa, sauti ya upole na ya uongo: watapona haraka, wanatamani kurudi, watajivunia vita vyao. Vina vimenyooka, mwendo ni mwepesi, kana kwamba ni shairi la kadi ya salamu. Ndani ya wepesi huo Sassoon ametia nyuso za vijana zilizozeeka zikijifunza kutembea, na mwisho macho ya watoto waliovunjika yakimtazama mtazamaji kwa chuki. Ni shairi dogo, na kejeli yake ni ya mkato mmoja. Lakini limekamata jambo ambalo taarifa za hospitali hazikuweza kuliandika: kwamba neno "kupona" lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mgonjwa.

Owen, aliyekuwa mdogo kwa miaka sita na asiyejulikana, alimbishia hodi Sassoon mnamo Agosti. Mswada wa "Anthem for Doomed Youth" umehifadhiwa hadi leo, na juu yake yamo masahihisho kwa mkono wa Sassoon. Kichwa cha shairi kilitaja vijana waliokufa. Sassoon akapendekeza neno lenye maana ya walioandikiwa kufa. Tofauti ni kubwa. Waliokufa wameshapita, na wanaomboleziwa. Walioandikiwa kufa wangali hai. Wamo wadini, wanakula chakula cha jioni, wanasubiri bodi ya madaktari iwapime kama wanafaa kurudi. Badiliko la neno moja liliutoa msiba kaburini na kuuleta kwenye kitanda cha jirani.

Mfasiri wa Kiswahili akilikabili shairi hilo atajaribiwa kuzigeuza kengele zake za kanisa kuwa adhana, na sala zake kuwa talkini. Asifanye. Owen alikuwa msaidizi wa kasisi huko Dunsden kabla ya vita, kisha akaondoka akiwa amevunjika moyo. Ibada anazozipinga ni zile alizolelewa nazo. Uchungu wa shairi ni wa mtoto wa nyumba ile anayeuona mlango umefungwa, na mgeni hawezi kuazimwa uchungu huo.

"Dulce et Decorum Est", lililoandikwa Oktoba ya mwaka huo huo, ndilo lililodhulumiwa zaidi na usomaji wa skuli. Hufundishwa kwa ajili ya mwisho wake, ambapo msemo wa Kilatini wa kuisifia nchi huitwa uongo. Kitovu chake kiko kabla ya hapo. Baada ya askari mmoja kukosa kuvaa kinga ya gesi, msimulizi huikatiza hadithi kwa mistari miwili iliyosimama peke yake, naye anatoka kwenye wakati uliopita na kuingia katika wakati uliopo: kila ndotoni mwake mtu yule humjia. Na neno lenye maana ya kuzama, lililokwisha kutumika katika ubeti wa juu, linarudi kuwa kina cha nafsi yake. Malenga wa pwani angehesabu kulirudia neno moja kuwa kina ni udhaifu wa mtunzi. Hapa ndiyo dalili ya ugonjwa. Akili imefika mahali ambapo haina neno jingine. Mistari miwili hiyo ndiyo wadi ya Craiglockhart iliyoingia ndani ya shairi la handakini, na bila yake laana ya mwisho ingekuwa hotuba.

Ni hospitalini humo pia ambapo Owen alichapisha, katika *The Hydra* la Septemba 1917, moja ya majaribio yake ya mwanzo ya aina ya kina iliyokuja kuwa alama yake. Kina cha Kiingereza kwa kawaida huishika irabu na kuibadili konsonanti iliyotangulia. Owen alipindua: konsonanti zinabaki, irabu inabadilika. Sikio linaahidiwa kina, linakaribia kukipata, kisha linakoseshwa. Jaribio hilo la kwanza lilikuwa shairi la mapenzi. Lakini mwaka 1918, katika "Strange Meeting", ufundi ule ule ukawa lugha ya wafu wawili wanaokutana chini ya ardhi.

Kwa mtunzi wa Kiswahili hili si jambo la mbali. Kina chetu kimekaa katika silabi ya mwisho, na silabi hiyo huishia kwenye irabu. Chukua maneno matatu: tiba, toba, tabu. Konsonanti zake ni zile zile. Tiba na toba zinapatana, sikio linaridhika kwamba mlango umefungwa. Tabu inapokuja, mifupa ni ile ile lakini irabu ya mwisho imetoka nje, na mlango unabaki wazi. Ubeti uliopangwa hivyo kwa makusudi ungeonekana kwa wazee wa mizani kuwa ni kosa. Owen alilihitaji kosa hilo. Tiba ya Craiglockhart ilikusudia kulifunga jeraha ili askari atumike tena. Kina chake kilikataa kufunga.

Hata hivyo, tahakiki ya haki haina budi kuyataja mapungufu. "Mental Cases", lililoandikwa katika nusu ya kwanza ya mwaka 1918, ndilo shairi lake linaloingia wadini waziwazi. Linaanza kwa swali, hawa ni nani, kwa mfano wa swali la kitabu cha Ufunuo juu ya waliovaa mavazi meupe. Jibu linarundika meno, vinyweleo, damu na nyama hadi picha zinaanza kuzibana nafasi. Na kubwa zaidi: wagonjwa wenyewe hawasemi hata neno moja. Katika nyumba ambayo tiba yake ilikuwa kusema, Owen amewafanya bubu na kuwaweka watazamwe. "Disabled", la miezi kadhaa nyuma, ni bora zaidi kwa sababu ingawa halikuhusu ugonjwa wa akili, linaingia ndani ya kichwa cha kijana aliyekatwa miguu na kukaa humo hadi baridi ya jioni, akisubiri mtu aje kumlaza.

Lakini mwisho wa "Mental Cases" unaliokoa shairi. Mikono ya wagonjwa inawanyooshea waliowapa vita, na hao si majenerali tu. Ni "sisi", msemaji na msomaji pamoja. Hapa Kiswahili kinaweza kuyabeba zaidi ya Kiingereza. Kwa Kiingereza mtenda na mtendwa husimama mbali, kila mmoja na neno lake. Kwa Kiswahili "tuliwapeleka" ni neno moja: sisi na wao tumefungwa ndani ya kitenzi kimoja, na hakuna wa kujitoa.

Limebaki deni ambalo mashairi haya hayakulilipa. Craiglockhart ilikuwa ya maofisa. Askari wa kawaida walikuwa na hospitali nyingine na tiba nyingine. Huko Queen Square, London, Lewis Yealland aliwatibu walioshikwa na ububu kwa mikondo ya umeme kooni, na mwaka 1918 akaandika kitabu kueleza mafanikio yake. Rivers mwenyewe aliona kwamba ofisa aghalabu aliugua kwa wahka na ndoto, na askari wa chini kwa ububu na kupooza. Wapo waliokosa hata umeme: mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na wenzao katika vita hivyo kwa makosa kama kutoroka na woga, na inaaminika kuwa baadhi yao walikuwa wagonjwa.

Na vita hivyo vilifika huku. Kuanzia Tanga mwaka 1914 hadi mwisho wa 1918, majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalitumia mamia ya maelfu ya wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo imebaki na jina lao, na sanamu ya askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Aliyerudi kijijini akiweweseka hakuwa na Rivers, wala hakuwa na *The Hydra*.

Tenzi za vita zimo katika hazina ya Kiswahili, tangu za Uhud hadi ule wa Hemedi bin Abdallah juu ya kuja kwa Wajerumani mrima, na wa Shaaban Robert juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Ni kazi zenye pumzi ndefu, na nguvu yake ni uwanjani: majeshi yanakutana, mashujaa wanatajwa, hukumu ya Mola inapita. Si haki kuzilaumu kwa lisilokuwa kusudi lake. Ila askari wa leo hurudi kutoka Kongo na Somalia. Desemba 2017 wanajeshi 14 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani waliuawa kwa siku moja huko Kongo, wakapokelewa kwa bendera na kwa mashairi ya kuomboleza, kama ilivyostahiki. Waliokuwa nao siku ile wakabaki hai wanahitaji shairi la aina nyingine, ambalo halitawasifia wala kuwaambia wasahau.

Owen alitoka Craiglockhart mwishoni mwa Oktoba 1917 akiwa amehesabiwa kupata nafuu. Mwaka uliofuata alirudi Ufaransa, akapata nishani, na akauawa kwenye mfereji wa Sambre tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25. Simu ya kifo iliwafikia wazazi wake tarehe 11, siku ambayo vita vilimalizika. Mashairi yake yalikusanywa mwaka 1920, na aliyeyaandikia utangulizi ni Sassoon, mgonjwa mwenzake, aliyeishi hadi 1967 na kuendelea kuiandika nyumba ile. Kwa hesabu za jeshi Owen alikuwa mgonjwa aliyepona. Mashairi yake yanaihesabu tiba hiyo kwa kina kisichofunga.